Mtoto akija mezani na swali: namna ya kumhudumia kwenye maktaba zetu huku Mtwara na Lindi

Hii naandika kwa ajili yenu mnaokaa mezani kwenye maktaba za shule na za mkoa, na hata nyie wenye kabati moja tu la vitabu ofisini kwa mwalimu mkuu huko Liwale au Nanyumbu. Wengi wetu hatujapita chuo cha ukutubi Bagamoyo, tumepewa ufunguo na daftari la kuazimisha tukaambiwa haya kazi kwako. Kuazimisha sio ishu, mtoto anachagua kitabu, unaandika, anaondoka. Shughuli ipo pale anapokuja mikono mitupu na swali, hapo ndo utaona mtu ananyoosha kidole "vya sayansi vile pale" halafu anarudi kwenye simu yake, mtoto anazunguka shelfu mara mbili tatu, anajifanya anaangalia angalia, anatoka. Huyo usitegemee kumuona tena mpaka shule imlete kwa foleni.

Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba anachokitaja mtoto akifika mezani mara nyingi sio anachokitafuta. Na sio kwamba ni mjinga. Swali lenyewe sio lake, ni la mwalimu, kalisikia nusu darasani watu wamebanana, kaandika maneno mawili nyuma ya daftari, njiani kakutana na wenzake wanacheza mpira, akifika kwako kimebaki kivuli cha swali. Halafu kuna aibu. Anaogopa kukosea mbele ya mtu mzima kwahiyo anaomba kitu kipana kabisa, "kitabu cha historia", "kitabu cha jografia", anaona hapo hawezi kukosea. Kazi yako ni kumrudisha taratibu mpaka kwenye swali lenyewe kabla hujanyanyua mguu kwenda kwenye shelfu.

Angalia mazungumzo haya, ni ya darasa la tano hivi:

– Shikamoo anti.
– Marahaba mwanangu, karibu. Tukutafutie nini leo?
– Kitabu cha mijusi.
– Mijusi, haya. Hebu nisimulie, unataka kujua nini kuhusu hao mijusi?
– Mwalimu kasema mijusi mikubwa.
– Alikuwa anafundisha nini siku hiyo?
– Vivutio vya mkoa wetu.

Umeona. Ungeishia kwenye jibu la kwanza ungeenda zako namba 597.9 (hizi ni namba za Dewey, za kupanga vitabu shelfuni kwa mada) ambako wanakaa reptilia walio hai, ungemtolea kitabu chenye kenge na kinyonga, na yeye angekipokea kwa mikono miwili na kusema asante, maana mtoto wa huku hamkatalii mtu mzima kitu alichompa. Kumbe anachotafuta ni dinosaria wa Tendaguru. Hao wapo 567.9, tarakimu moja tu imebadilika lakini umeruka kutoka viumbe hai kwenda kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na stori ya uchimbaji wenyewe inaweza kuwa 967.8 kwenye historia ya Tanzania, yaani shelfu mbili kwa swali moja.

Na kwa vile swali la Tendaguru kwa Lindi litakuja tu, kila mwaka, bora ulijue kichwani. Ni kilima kipo Lindi, Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi ikapakiwa kwenda Berlin, na hao waliochimba na kubeba ni watu wa huku, msimamizi wao anayejulikana kwenye kumbukumbu ni Boheti bin Amrani. Mifupa ya yule mkubwa kabisa ilisimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin 1937 na kimo chake kinapita mita 13. Sasa hapa kuna mtego wa kimaktaba: vitabu vya zamani vinamwita Brachiosaurus, vipya vinamwita Giraffatitan, mnyama ni yuleyule. Mtoto akitafuta kwa jina moja kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwisho wa kitabu, au kwenye intaneti atapata nusu ya habari na atadhani ni wanyama wawili. Mwandikie majina yote mawili kwenye kipande cha karatasi aende nacho. Hayo ndo mambo ambayo mtoto hawezi kuyajua mwenyewe hata awe na akili vipi, na ndo sababu wewe umekaa hapo.

Sasa namna ya kuuliza. Usiulize maswali ya ndiyo na hapana. "Unataka cha sayansi?" Ndiyo. "Hiki kinakufaa?" Ndiyo. Ndiyo zote hizo ni za heshima, hazina taarifa ndani yake. Uliza yale ambayo lazima ajibu kwa maneno: hebu nisimulie, mwalimu alisemaje, mlikuwa mada gani, mmeambiwa muandike au mchore, kurasa ngapi, inatakiwa lini. Hilo la lini watu wengi wanalisahau na linabadilisha kila kitu, kama ni kesho asubuhi hatuna muda wa kufundishana katalogi, kama ni wiki ijayo tunao. Na kaa mbali na "kwanini unataka hicho?" hasa kwa wakubwa, inasikika kama anahojiwa polisi.

Halafu mwambie akuonyeshe daftari. Yaani hiki ni kitu kidogo sana ila kinaokoa muda kuliko vyote, kwenye daftari utakuta mada ya juzi, tarehe, labda na swali lenyewe limenakiliwa vibaya ukaweza kulikisia. Mtoto kaandika "vita vya maji" basi unajua ni Maji Maji, 1905 mpaka 1907, na hapo tena una la kumwambia maana Nandete ambako iliwaka ipo Kilwa, sio nchi ya mbali ya kwenye vitabu.

Mambo ya kukaa. Meza ya maktaba nyingi ni ndefu na mkutubi yupo nyuma yake kama karani wa mahakama. Kwa mtoto wa darasa la pili wewe ni kichwa tu kinachotokeza. Toka nje ya meza, kaa naye kwenye benchi, au angalau inama. Ukienda kwenye shelfu nenda naye, usimletee kitabu kama mhudumu wa hoteli, mwache akivute mwenyewe, mwache afungue, muonyeshe yaliyomo mbele na faharasa nyuma, muulize neno letu litakuwa herufi gani. Akilipata mwenyewe ukurasa wa 46 utaona anavyotabasamu, na kesho yake anamleta mwenzake anamuelekeza yeye bila kukuuliza.

Ila hapa niseme kitu ambacho wengine watanipinga. Kuna wakutubi wanaona fahari kutompa mtoto jibu hata siku moja, eti ajifunze kutafuta. Mi sikubali. Mtoto wa kike aliyetoroka nusu saa kabla ya kwenda kuchota maji, na asaimenti ni ya kesho, huyo unamfungulia ukurasa unamwambia anzia hapa ishia hapa, kaa uandike. Kujifunza kutafuta atajifunza siku akiwa na nafasi. Kinachokatazwa ni kumwandikia, hapo hapana, kalamu ashike yeye.

Kwa wa sekondari kuna shida nyingine na inajulikana, wametoka msingi wakisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu ni Kiingereza. Anakuja anaomba "kitabu cha baiolojia chepesi". Usimpe kingine cha Kiingereza chembamba ukadhani ndo chepesi. Mpe kwanza cha sayansi cha darasa la sita au la saba asome ile mada aielewe, halafu ndo mfungulie cha kidato, viwili viwe wazi mezani kwa pamoja. Wengine wanaona aibu kushika kitabu cha msingi mbele ya wenzao, kwahiyo mkalishe pembeni huko, na wewe usitangaze. Na uangalie na mwaka wa kitabu, mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa na mengine yanafuata, kwahiyo shelfu zetu zina vitabu vya mitaala miwili mitatu imechanganyika na mtoto hajui. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yao yenye vitabu vya kiada, kama una kompyuta na bando ni pa kwanza kwenda kuhakikisha.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona kila maktaba ya Kusini ingekuwa nacho na ni bei ya bure: faili la Kusini. Vitabu vinavyokuja vinaongelea Kilimanjaro, Serengeti, kahawa, mkonge. Mwalimu wa Tandahimba anatoa swali kuhusu korosho na maktaba nzima haina ukurasa. Kwahiyo unatengeneza mwenyewe. Chukua mafaili ya kawaida yale ya kadibodi, kila mada faili lake, unaweka vipande vya magazeti, vipeperushi, kurasa ulizoprinti, ramani uliyochora kwa mkono, picha. Andika juu ya kila kipande kimetoka wapi na tarehe gani, hilo usiache, kipande kisicho na tarehe baada ya miaka mitatu ni uchafu tu.

Faili la korosho ndo litachoka haraka kuliko yote. Weka ndani ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni nini na salfa inapulizwa kufanya nini, weka mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe, ulioanza 2007 kwa korosho na unavyofanya kazi hatua kwa hatua, maana hilo linaulizwa na wa uraia na wa biashara wote. Kituo cha utafiti cha Naliendele kipo hapo hapo Mtwara na kazi yao ni korosho, vipeperushi vyao vikikufikia viingie moja kwa moja kwenye faili. Faili la gesi: Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015, mtambo wa kusafisha gesi upo Madimba. Faili la mradi wa karanga wa Waingereza wa miaka ya mwisho ya 1940, Nachingwea, pamoja na bandari ya Mtwara na ile reli iliyojengwa halafu ikang'olewa, wazee wanaikumbuka na vijana hawaamini kama huku kuliwahi kuwa na reli. Faili la Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu 1981. Faili la vimbunga, kuanzia kile kilichopiga Lindi 1952 mpaka Kenneth ya Aprili 2019 ambayo ilituhamisha watu Mtwara halafu ikaingilia Msumbiji. Faili la Mkapa, kwao Lupaso, kazaliwa 1938, rais 1995 mpaka 2005. Ukishakuwa na hayo sita saba, nakwambia nusu ya maswali ya "mkoa wetu" unayamaliza hata umeme ukiwa umekatika.

Na wazee pia ni rejea. Mtoto ana swali la vinyago vya Kimakonde na babu yake mwenyewe anachonga, wewe unahangaika na kitabu cha nini? Mpe kitabu kidogo kwa ajili ya mpangilio, halafu msaidie kuandika maswali matano ya kwenda kumuuliza babu, na amwandike babu kama chanzo cha habari kwa jina, kijiji na tarehe, vilevile anavyoandika kitabu. Walimu wengine watakataa hiyo, ongea nao.

Intaneti nitapita haraka. Kama ipo, kaa naye bega kwa bega, msiandike swali zima kama mwalimu alivyolitoa, andikeni maneno mawili matatu yenye uzito. Kama haipo, kuna programu inaitwa Kiwix, unadaunlodi Wikipedia mara moja ukiwa mjini halafu inafunguka bila bando hata uwe Rondo, ya Kiswahili ipo na haichukui nafasi kubwa. Hizi akili bandia vijana wanazitumia tayari hata ukikunja uso, kwahiyo sheria yangu ni moja, jibu la kwenye simu halijawa jibu mpaka tulione na kwenye kitabu au faili. Iulize hiyo akili bandia kitu cha kijijini kwenu uone inavyokutungia hadithi kwa kujiamini.

Vijana sasa, kidato cha pili kwenda juu. Hapa ndo wengi wetu tunaharibu. Kijana hasemi anachotaka kwa sababu nyingine kabisa, sio kwamba hajui, anajua vizuri mno. Anaomba "kitabu cha afya", anasimama, anaangalia mlangoni kama kuna anayemjua. Usirudie swali lake kwa sauti. Sijui kwanini tuna hii tabia, mtoto kanong'ona sisi tunapaza "AFYA YA NINI?" maktaba nzima inageuka. Shusha sauti ifanane na yake, tembea naye kuelekea kwenye shelfu, uliza mkiwa mnatembea na mnaangalia vitabu sio mnaangaliana usoni, mwambie "vipo vya magonjwa, vipo vya mwili na ubalehe, vipo vya chakula", umtajie vitatu vinne achague bila kulazimika kulitamka yeye. Akinyoosha mkono kwenye kimoja umeshamhudumia, rudi mezani kwako.

Na vile vya 612.6 na 613.9, mambo ya uzazi na mwili, usiviweke nyuma yako kwenye kabati la kufuli eti vinaharibu watoto. Vilivyopo vimeandikwa na watu wenye akili zao. Viweke kona ambayo mtu anaweza kusimama dakika kumi bila kuonekana kutoka dirishani, na ruhusu visomwe humo humo bila kuandikisha jina. Likizo zikiisha, hasa baada ya msimu wa jando na unyago, utaona maswali haya yanaongezeka, mtoto kafundishwa mambo huko anataka kuyapima na kitabu. Usimuulize kafundishwa nini, ya huko hayaulizwi na wewe unajua, na usiwaseme makungwi wala kumsema mzazi. Mpe kitabu. Akiuliza swali jibu lile lililoandikwa, umuonyeshe na ukurasa.

Kuna siku swali litakuwa sio swali la kitabu. Binti anauliza "sheria ya ndoa inasemaje kuhusu miaka" na uso wake unakwambia sio asaimenti. Bado mpe alichoomba kwanza, sheria ipo na ni haki yake kuisoma. Halafu kwa upole mwambie kuna namba 116, ya bure, ya watoto, anapiga hata simu ikiwa haina salio, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Zile namba zibandike ukutani karibu na choo au kona isiyo na watu, sio kwenye ubao mkubwa wa mbele ambako akisimama kunakili kila mtu anaona. Wewe sio mshauri wala hakimu, usianze kumchimba. Lakini akikwambia mwenyewe kwamba anaumizwa, hapo usikae nalo, mpeleke kwa mwalimu wa malezi au ustawi wa jamii wewe mwenyewe, siku hiyohiyo.

Walimu. Nusu ya mateso yetu yanaisha ukipata mwalimu mmoja tu wa kuelewana naye. Mwombe akitoa kazi akutumie swali kwenye WhatsApp kama lilivyo, kabla watoto hawajafika. Ukilipata mapema unavuta vitabu vinavyohusika unaviweka kwenye meza moja, vinasomwa humo humo tu, maana bila hivyo wa kwanza kufika anaazima kile pekee kilichopo na wenzake hamsini wanabaki wanakuangalia wewe. Kuanzia Julai hivi mpaka Novemba, maana wa darasa la saba wana mtihani Septemba, wa kidato cha pili na cha nne Novemba, usitegemee maswali ya mada tena, wote wanataka mitihani ya nyuma. Iprinti mapema, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanaiweka kwenye tovuti yao. Kisha mavuno ya korosho yakipamba moto utakaa peke yako siku nzima, hapo ndo muda wa kupanga mafaili.

Kabla mtoto hajaondoka usimuulize "umepata?" maana atasema ndiyo, tumeshaongea hilo. Mwambie "nionyeshe hapo utakapoanza kuandika". Asipojua aweke kidole wapi basi bado, rudini tena, labda kitabu ni kigumu, labda hata sasa hujalipata swali. Na mwambie waziwazi isipotosha arudi, hata kesho, hata akimkuta mwenzako.

Kwa hiyo na mwenzako lazima ajue. Weka daftari moja mezani la maswali, sio la majina, andika tarehe, darasa, swali, ulimpa nini, na alama ya msalaba kama hukupata. Mwenye zamu ya mchana asome ya asubuhi. Yale yenye msalaba usiyaache yafe, yanakili kwenye simu, ukipata safari ya mjini pitia maktaba ya mkoa, zipo Mtwara na Lindi zote chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, wafungulie orodha yako na piga picha kurasa unazohitaji. Ukirudi bandika jibu ubaoni likiwa na swali lake juu bila jina la mtu, aliyeuliza atalitambua mwenyewe.